Mchwa wa Kona ya Mpapai

Nyangeta mwanangu,

Barua huanza na hali, na hali yangu unaijua, maana umeniacha hapa kama saa moja iliyopita nikiwa na vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Wewe na mama yako mmekwenda madukani Mukendo kutafuta begi lenye magurudumu, na nimjuavyo mama yako, mtaingia maduka yote kisha mtarudi kununua kwenye lile la kwanza. Kwa hiyo muda ninao. Nimefuta meza ya kazi, nimevuta kigoda, na ninaandika kwa penseli ya useremala ambayo nimeshaichonga mara mbili. Ukiona mwandiko unanenepa ujue ni penseli.

Basi lako la kwenda Mtwara kuanza kazi ni la kesho alfajiri. Mambo ya kufunga mlango kwa komeo, ya kutompa mtu namba yako ya siri, ya kuwa mwangalifu na samaki wa Mtwara kwa kuwa ni wa maji ya chumvi na tumbo lako limezoea sato, hayo yote mama yako amekuambia tangu Jumatatu na atayarudia stendi. Mimi sina la kuongeza. Nataka kukuandikia habari za uzio.

Najua hapo umecheka. Cheka, halafu endelea kusoma.

Mwezi uliopita, upepo wa ziwani ulipoangusha upande wote wa nyuma, ulisimama juu ya zile mbao umeshika kiuno ukasema, "Baba, weka plastiki. Mimi sitakuwepo." Ulisema kama mtu anayesoma kipimo cha maji huko maabara, bila ubaya wowote. Nami nikanyamaza siku mbili. Mama yako akakuambia nimenuna kwa sababu mimi ni seremala na umenitukania mbao. Nusu ya watu wa mtaa wetu wa Bweri wakaamini hivyo, nikaacha waamini. Haikuwa hivyo, na ndiyo sababu ninaandika.

Siku ya tatu udadisi ukanishinda. Unanijua, mtu akishanitajia kitu sitatulia mpaka nikishike kwa mkono wangu. Nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi pale mjini nikaomba kipande cha ile plastiki ngumu ya uzio, ndugu yake mabomba ya maji. Mama wa dukani akanitazama kuanzia viatu.

"Mzee, si wewe fundi wa vitanda wa hapo nyuma? Umekuja kutupeleleza?"

"Nimekuja kujifunza."

"Watu wa mbao hawajifunzagi," akasema, lakini akanikatia kipande cha urefu wa mkono.

Kipande kile nilikitesa. Nilikipiga randa, kikatoa maranda meupe membamba yanayong'ang'ania suruali. Nilikinusa, hakinuki kitu. Hilo lilinisumbua kuliko nilivyodhani, kwa sababu mimi huufahamu ubao kwa pua kabla ya macho, na hapa nilikuwa nimeshika kitu kisichoniambia kilikotoka. Nilikigonga nyundo asubuhi ya baridi, kikaacha alama. Nikakiweka juu ya bati, jua likikichoma tangu asubuhi, na saa saba mchana nikakisikia kinalia huko juu, tik, tik. Kumbe nacho hutanuka na kusinyaa. Nilifurahi sana siku ile, nikapanda ngazi kukisikiliza kwa karibu. Maisha yangu yote nimeishi na mbao zinazojikunja zikinyeshewa na kujinyoosha zikikauka, na nilidhani plastiki imeshakufa kabla haijafika dukani.

Kisha nikakata kipande kingine, pamoja na kipande cha mkaratusi cha urefu uleule, nikavizika vyote viwili kwenye kichuguu cha nyuma ya choo. Kila asubuhi kabla ya chai nilikuwa nakwenda kuchungulia. Mama yako alinikuta siku moja nimelala kifudifudi na tochi, akauliza kama nimepoteza jino. Baada ya wiki mbili mkaratusi ulikuwa umeshaanza kuwa unga. Kile cha plastiki mchwa walikuwa wamejenga barabara yao ya udongo juu yake, kutoka upande huu hadi ule, wakapita zao kwenda kutafuta chakula mbele. Hawakukigusa kabisa. Nilikaa pale nikiwatazama, na nitakuambia nilichokuwa nawaza, lakini kwanza twende Bunda.

Nilikuwa nimesikia kwamba kuna mzee Bunda, Haji Sudi, mwuza vitenge, aliyezungushia nyumba yake plastiki miaka saba iliyopita, na watu walimcheka wakamwambia anafuga nyumba ndani ya beseni. Bahati nzuri binti yake alikuwa amemwagizia kitanda kwangu. Badala ya kumtuma mtu nikakipeleka mwenyewe.

Uzio wake nilitangulia kuukagua kwa nje, kabla ya hodi. Upande wa jua la mchana umegeuka manjano, rangi ya siagi iliyokaa. Pale pikipiki ilipougonga pana ufa mrefu, na ufa wa plastiki haupigiwi msumari, hupasuka zaidi. Kwenye nguzo mbili zilizopoteza vifuniko wanaishi mijusi. Lakini nguzo zote zilikuwa wima. Nilitoa timazi mfukoni nikapima, na mwenye nyumba akanikuta nimefumba jicho moja.

"Shikamoo, Haji."

"Marahaba. Unapima ukuta wangu wewe nani?"

Nikajieleza. Akacheka, akaniingiza ndani, ikaja chai ya tangawizi. Nilimuuliza maswali mpaka nikaona aibu. Unaupaka nini kila mwaka? Hapaki kitu. Unabadilisha nguzo mara ngapi? Habadilishi, aliuosha kwa sabuni mara moja, wakati wa harusi ya binti.

"Uzio huu haunaga kazi," akasema. "Nimeuweka, nimeusahau."

"Na watoto wako, wakubwa?"

"Wapo Mwanza, wapo Arusha. Watano."

"Sasa wakija, wanakuja kufanya nini?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa samaki anakwenda kufanya nini majini. "Wanakujaga tu. Idi wanakuja, likizo wanakuja. Wanakula, wanalala hapo kwenye mkeka, wanagombana na mama yao, wanaondoka."

"Unawaita kwa kitu gani?"

"Kwa simu," akasema. "Wewe wa kwako unawaita kwa kitu gani?"

Nilikunywa chai. Njiani kurudi Musoma nilikaa dirishani na lile swali lake, na ndipo nikamkumbuka baba yangu, babu yako, kwa namna ambayo nimekwepa kumkumbuka tangu hujazaliwa.

Babu yako wa Butiama umemwona kwenye picha tu, yule mrefu mwenye kofia iliyolala upande. Zizi lake la ng'ombe lilizungushiwa nguzo za miti ya porini na matawi ya miiba katikati. Nyumbani kwetu, mzee mwenye mtoto wa kiume aliyekomaa hafungi zizi peke yake. Angefunga peke yake, watu wangedhani ana ugomvi na mtoto, au mtoto amemkana. Kwa hiyo uzio ukianguka, mtoto anaitwa. Anakuja, mnachimba, mnasimamisha, jioni mnakula ugali wa udaga wa muhogo na maziwa mgando, na kesho yake anarudi kwake.

Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimefungua karakana hapa mjini, nina wateja wachache na kiburi kingi. Babu yako alikuwa akimtuma mtu yeyote anayekuja Musoma na maneno yaleyale: "Mwambie uzio umeanguka, aje." Hakuongeza neno. Mwaka ule alinitumia ujumbe mara nne. Mara ya kwanza nilikwenda vizuri. Ya pili nikaenda nikiwa nimeacha kabati nusu. Ya tatu nikanuna njia nzima. Ya nne nilipofika, baba zangu wadogo wawili na majirani walikuwa wamekuja kusaidia, na nguzo tatu zilikuwa zimelala chini. Nikainua moja, nikatazama mguu wake.

Mwanangu, mimi ni mtu wa mbao. Nguzo iliyoliwa na mchwa naijua, na nguzo iliyooza kwa maji naijua. Ile ilikuwa nzima, ngumu, na ubavuni ilikuwa na alama ya chuma cha mtaimbo. Mtu aliing'oa. Nikatazama ya pili, ya tatu, zote hivyohivyo. Na mtaimbo wa pale nyumbani ulikuwa mmoja, umeegemezwa nyuma ya kibanda, udongo haujakauka.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kuzisimamisha, nikala ugali, nikamuuliza hali. Badala yake niliinua ile nguzo juu ili wote waone, nikasema, "Mchwa wa Butiama siku hizi wanatumiaga mtaimbo?"

Watu wakacheka sana. Babu yako naye alicheka kidogo, akaingia ndani kunawa mikono, akakaa huko muda mrefu kuliko mikono inavyohitaji. Jioni tulikula pamoja na hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Hakuniita tena. Niliona nimepona. Siku moja, baada ya miezi mingi, nilipita Butiama nikiwa na safari zangu, nikamkuta amekaa nje. Nikauliza, "Baba, uzio vipi?" Akasema, "Siku hizi hausumbui." Nikaenda kuutazama. Ulikuwa umeshindiliwa vizuri, kila nguzo, kwa mikono ya majirani. Haukuanguka tena mpaka alipokufa.

Mpaka leo naona aibu, Nyangeta. Nilidhani nimemkamata mzee akinidanganya. Alikuwa ananitaka nije, akakosa namna ya kusema, akachukua mtaimbo.

Sasa la kwako.

Unakumbuka kona ya mpapai? Kila likizo ya mwezi wa sita zilikuwa zinapatikana nguzo tatu zimeliwa, na ni palepale. Ulikuwa unauliza, "Baba, mbona mchwa wa kona hii ni wakali kuliko wenzao?" Nilikujibu mizizi ya mpapai inawavuta. Ulipokuwa kidato cha tatu ulichota udongo wa kona kwenye kopo moja na udongo wa upande wa barabara kwenye kopo la pili, ukaenda nayo shule, ukarudi na karatasi yenye jedwali ulilopiga kwa rula. Chini uliandika: hakuna tofauti. Ulinisomea kwa fahari, na mimi nikainama kutafuta msumari ambao haukuwa umeanguka.

Ulikuwa sahihi. Udongo haukuwa na tofauti. Tofauti ilikuwa kwenye brashi yangu.

Nguzo zote za uzio huu nilizipaka oili chafu ya gereji miguuni, nikirudia mara mbili tatu, kama inavyotakiwa, ili mchwa wasizisogelee. Zile tatu za kona nilichagua mbao nyepesi, nikazipaka sehemu ya juu tu, inayoonekana. Mguu niliuacha mkavu. Na wakati wa kuziingiza shimoni nilikuwa nakutuma ulete maji ya kunywa, hata kama sina kiu. Ulidhani baba yako ana kisukari.

Nilianza mwaka wa pili wa bweni lako. Likizo ya kwanza ulirudi umerefuka, una vitabu na maneno mapya, na mimi sikujua nikuite kwa lipi. Mimi si mtu wa kukaa na binti kwenye kochi nikamuuliza moyo wake unaendaje, sikufundishwa na sikujifunza. Lakini mwezi wa sita nguzo mbili zilihitaji kubadilishwa kwelikweli. Ukashika nguzo, mimi nikawa nashindilia, na asubuhi ile moja uliniambia habari za mwalimu anayekuonea, za rafiki yako aliyeacha shule, na kwamba unaogopa giza la bweni. Ulisema yote ukitazama timazi, hukunitazama mimi. Nikajua nimepata dawa. Mwaka uliofuata nikahakikisha kazi ipo. Sina mtoto wa kiume, nina wewe, na hakuna mtu aliyewahi kunishikia nguzo ikawa wima kama unavyoshika wewe.

Mama yako alijua. Aliona brashi. Alisema neno moja tu miaka ile, "Baba Nyangeta, hao mchwa wako unawalisha vizuri," akaendelea kuchambua dagaa.

Mwaka huu niliposikia umeomba kazi mbali, nilipitiliza. Sikuacha nguzo tatu bila oili, niliacha sita, hadi za upande wa nyuma. Nilitaka uzio unaohitaji mtu kabisa, uzio ambao hata huko Mtwara ungekukosesha raha. Kisha ukaja ule upepo. Uliona ulipoangukia? Ni pale mama yako anapoanika dagaa, na alikuwa ametoka kuingia ndani kufuata chujio. Ulipokuwa unasema weka plastiki, mimi nilikuwa natazama zile kandambili zake chini ya mbao. Hicho ndicho kilichoninyamazisha siku mbili. Sikununa. Niliogopa, na nilijiona mpumbavu.

Na pale kwenye kichuguu, nikiwatazama mchwa wakipita juu ya plastiki bila kuiuliza kitu, nilikuwa nawaza kwamba hapa sina wa kumsingizia tena.

Nimechagua plastiki. Sikuichagua kwa kuwa ni nzuri kuliko mbao, usije ukawatangazia watu hivyo, nina wateja. Itageuka manjano upande wa barabara. Boda itaigonga siku moja na ufa utabaki hapo mpaka tuzeeke nao. Haitanuka kitu mvua ikinyesha, na harufu ya ubao uliolowa nitaikosa kila asubuhi. Saa saba mchana itakuwa inalia tik, tik, na mimi nitatoka kuisikiliza. Inaletwa Alhamisi, wewe ukiwa umeshafika. Mama yako amekubali kushika upande wa pili, ingawa ameniambia mapema kwamba hatatumwa maji.

Zile nguzo za kona nimezing'oa jana ulipokuwa Mwisenge unaaga rafiki zako. Nilidhani nitazichoma. Nimekata kipande cha mguu mmoja, ule mkavu, ulioliwa hadi katikati, nimekifunga kwenye gazeti na nitakitia pamoja na barua hii kwenye mfuko wa pembeni wa hilo begi. Kipime ukitaka. Wewe ni mtu wa maabara, na nilikupa jibu la uongo miaka mingi, una haki ya kupata sampuli ya kweli.

Sijui utanicheka au utanikasirikia. Vyote nitavipokea. Nisichotaka ni siku moja na wewe ukae huko uliko, una hamu na mtu, ukaanza kutafuta kitu cha kuharibika ili uwe na sababu ya kumpigia. Babu yako alitumia mtaimbo, mimi nikatumia mchwa. Wewe una simu, na una mdomo ambao tangu utotoni haukuwahi kukosa la kusema.

Nawasikia nje. Mama yako anacheka, kwa hiyo mmeshanunua, na nina hakika ni la duka la kwanza. Namalizia haraka.

Mwezi wa sita hakuna kitakachoanguka hapa. Nguzo zote zitakuwa wima, mchwa watakuwa wamepita juu wakaenda zao, hakutakuwa na shimo la kuchimba wala kitu cha kunishikia. Nataka uje mwezi wa sita.

Baba yako